Asilimia ya mauzo yasiyo ya mafuta hupotosha

Mhariri,

Kila bei ya mafuta ghafi inapoporomoka, serikali zinazoyategemea hupenda kutangaza kwamba sehemu ya bidhaa nyingine katika mauzo ya nje imeongezeka. Hesabu ni sahihi, lakini haithibitishi lolote. Kuanzia katikati ya 2014 hadi Januari 2016, pipa lilishuka kutoka zaidi ya dola 100 hadi chini ya dola 30. Nchi isiyoongeza hata bidhaa moja ingeona asilimia hiyo ikipanda.

Pimeni kwa njia nyingine. Ondoeni kwanza gesi, mafuta yaliyosafishwa na bidhaa zilizoagizwa kisha zikauzwa tena nje. Halafu hesabuni bidhaa mpya zilizodumu sokoni miaka kadhaa mfululizo, na ni nchi ngapi nyingine zinazoziuza. Kuhesabu aina za bidhaa na nchi nyingine zinazoziuza ndio msingi wa kipimo cha uchangamano wa uchumi, yaani wingi wa ujuzi ulio ndani ya bidhaa ambazo nchi huuza, walichokitoa watafiti Hidalgo na Hausmann mwaka 2009.

Kikwazo kikubwa cha kupata bidhaa mpya za kuuza nje, kwa maoni yetu, ni sarafu. Dola za mafuta huipandisha thamani, mishahara na kodi za pango hupanda nayo, na kiwanda cha nguo hushindwa bei katika soko la nje. Indonesia ilishusha thamani ya rupia mwaka 1978, ikarudia 1983 na 1986; mauzo yake ya plaiwudi, nguo na viatu yakakua. Kugawa ruzuku za viwanda huku sarafu ikiachwa ghali ni kumwaga fedha za umma, na inauma kuona kosa hilo likirudiwa.

Wachambuzi wa biashara ya nje