Kabla Hujatuagiza Tutoboe Zeolaiti Yako

Oda nyingi tunazopokea huja na sentensi moja: "Ongezeni matundu, makubwa iwezekanavyo." Kabla hujalipa, heri ujue unanunua nini. Zeolaiti ni fuwele za silikoni na alumini zenye njia nyembamba mno na asidi ndani yake, zinazotumika kama kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mabadiliko ya kemikali.

ZSM-5, zeolaiti tunayoletewa zaidi, ina njia zenye upana wa takriban nanomita 0.55. Zeolaiti Y hufika 0.74. Methanoli au tolueni hupita bila shida. Mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, au mabaki mazito ya mafuta ghafi, hayapiti: molekuli zake huishia kwenye uso wa chembe, na asidi iliyomo ndani, uliyoilipia, inakaa bure. Hata zile zinazopenya hutoka kwa taabu. Zikichelewa huungana, zikawa masizi ya kaboni, kichocheo kikaziba.

Sisi tunakata njia za nanomita 2 hadi 50 katikati ya chembe, zile nyembamba zikabaki kando yake. Ni kama kupasua barabara sokoni: mikokoteni itapita, ila kuna vibanda vitavunjwa. Ndiyo maana "makubwa iwezekanavyo" ni agizo tunalolikataa.

Kwa ZSM-5 dawa yenyewe ni kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni: mola 0.2 kwa lita, nyuzi 65 za Selsiasi, nusu saa, kisha tunapoza haraka. Kostiki hung'oa silikoni. Kinachoamua yote ni uwiano wa silikoni kwa alumini. Ukiwa kati ya 25 na 50, kazi ni nyepesi. Ukishuka sana chini ya hapo, alumini huikinga silikoni na hakitoboki kitu cha maana. Ukizidi 50, chembe huyeyuka ovyo. Basi ututumie kwanza cheti cha muuzaji wako chenye uwiano huo. Huna? Tutapima, kwa malipo.

Zeolaiti Y ni habari nyingine, maana alumini yake ni nyingi. Viwanda vya mafuta huipitisha kwenye mvuke mkali ili kung'oa alumini, lakini mashimo mengi yanayopatikana hufungiwa ndani, hayana mlango wa nje. Tunaipenda zaidi mbinu iliyozaliwa chuo kikuu cha MIT, Marekani, na kupelekwa viwandani na kampuni ya Rive Technology: fuwele hujipanga upya kuzunguka vifundo vya kemikali ya jamii ya sabuni, kisha vifundo vinachomwa, njia zinabaki. Kemikali hiyo ni ghali, kwa hiyo tunaifanya kwa sampuli ndogo tu.

Ukileta kilo 10 za ZSM-5, usitarajie kurudishiwa kilo 10. Silikoni iliyong'oka imekwenda na maji. Zeolaiti iliyobaki tunaiondolea sodiamu ya kostiki kwa chumvi ya amonia, tunaichoma kwa nyuzi 550 ili asidi irudi, na tunakupa vipimo vya matundu, vinavyopimwa kwa gesi ya naitrojeni, vya kabla na baada.

Na kama bidhaa yako ni para-zaileni, malighafi ya plastiki za chupa, usituletee kabisa. Wembamba wa njia ndio unaokuchagulia molekuli hiyo.