Mgongo wako haulemewi na magunia peke yake

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, baba? Huku Njoro sote tu wazima.

Uliponipigia simu juzi ulisema mgongo unakuuma tena, ukayalaumu magunia ya viazi hapo sokoni Wakulima. Sikatai. Kupakua magunia ya kilo 50 kutwa nzima si mchezo. Ila Pasaka nilikuona kwa macho yangu: maumivu yakikushika unaegemea ukuta, mkono mmoja kiunoni, mwingine unawasha sigara. Ukaniambia inakutoa uchovu. Hapo ndipo hatuelewani.

Kati ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini vinavyopokea uzito. Kwa mtu mzima, ndani yake karibu hamna mishipa ya damu; chakula na oksijeni huvifikia kwa kupenya polepole kutoka kwenye mifupa ya juu na chini. Nikotini huvibana vile vimishipa vya pembeni, na ile kaboni monoksaidi ya moshi hunyakua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kisahani kinabeba mzigo huku kina njaa. Kinakauka, kinachakaa kabla ya wakati wake, na ukilala usiku hakipati cha kutosha cha kujitengenezea. Mifupa nayo hudhoofika. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji humwambia mgonjwa anayeunganishwa pingili aache sigara kwanza, maana kwa mvutaji mifupa hugoma kushikana mara nyingi zaidi kuliko kwa asiyevuta.

Na kile kikohozi chako cha alfajiri! Kila kikikupanda kinautikisa mgongo uleule.

Najua hununui pakiti. Unachukua moja moja kibandani, ingawa sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuziwa hivyo, na moja moja ndiyo inayokuficha umevuta ngapi.

Acha, baba, nakuomba. Siku za mwanzo utakuwa na hasira na usingizi utakuruka. Nipigie hata usiku wa manane, nitashika simu. Magunia nayo, mshushe wawili wawili.

Lakini mguu ukianza kufa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukikataa kutoka au ukijitokea wenyewe, usimeze dawa za maumivu ukalala. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Nauli nitakutumia kwa M-Pesa.

Mama yako