Kabla hujalipia ile 504

Mwalimu,

Salamu kutoka Nakuru. Sisi wazima, mvua imeanza na baridi ya asubuhi imerudi. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale uliposema umeiona Peugeot 504 wagoni huko Kondele, Kisumu, na moyo umekataa kabisa ile Toyota 110 ya mwenzako wa shuleni.

Nakuelewa. Wagoni hizo ndizo zilizotubeba Kisumu kwenda Nairobi tukiwa wadogo, abiria tumejipanga safu tatu, na mpaka leo sijapanda gari la bei yetu linalomeza mashimo kama lile. Springi zake ni laini na zina mwendo mrefu, kwa hiyo shimo linapita bila mgongo kujua. Na uimara wake haukuwa uvumi: 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978. Kwa starehe, 110 haifui dafu.

Lakini wewe unatafuta gari la kukufikisha darasani kila siku. Bushi ya 110, ile raba ya kwenye miguu ya gari, ikiisha leo, fundi wa Kondele anaipata asubuhi na mchana uko barabarani. Ya 504 itatafutwa mpaka Nairobi, na huenda ikaja ile iliyotolewa kwenye gari lililokufa. Kwangu mimi gari likingoja spea wiki tatu si imara, hata injini yake iwe chuma kitupu.

110 yangu ya 1998 nimekaa nayo miaka tisa. Nimebadilisha shoki za nyuma mara mbili, boljointi, na mkanda wa taiming, ambao hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Injini haijafunguliwa. Ilichemka mara moja tu, tukitoka matanga Siaya, kwenye ule mlima wa kupandia Kericho. Nilikuwa nimeongeza maji ya bomba mwaka mzima badala ya kulanti, yale maji ya dawa ya kupoza injini, redieta ikaziba kwa kutu. Usifanye hivyo.

Kuhusu kukaa, nakwambia ukweli: mkiwa watano, wa katikati nyuma ataumia, na gari likijaa litakwaruza tumbo kwenye murram ya kwenu. Mama mweke mbele, magoti yake yanyooke. Ukiweza kuongeza pesa, tafuta Toyota Corolla NZE, zile zilizoanza 2000. Nyuma kuna nafasi zaidi, na taiming yake ni ya cheni, si mkanda.

Jumamosi nakuja. Usitoe hata shilingi ya kushikia mpaka nilale chini ya hiyo 110, niinue kapeti na nigonge sakafu kwa bisibisi nione kama kutu imekula. Na mwambie mwenzako asiiwashe asubuhi hiyo. Nataka kuisikia ikiamka baridi.

Salimia Mama na watoto.

Ni mimi, jirani yako wa zamani