Mtera ikikauka tusiisingizie mvua tu

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Juzi nimepita Mtera na basi la Iringa kwenda Dodoma, si unajua ile barabara inapita juu ya ukuta wa bwawa, nikachungulia dirishani nikaona ile miti mikavu imesimama kwenye tope mizizi nje, mtumbwi umelala ubavu mbali na maji, na jamaa wamelima mahindi pale pale nilipozoea kuona watu wanavua perege.

Kila kiangazi tunaambiwa mvua hazijanyesha. Sawa, ila Mtera ndo pipa la akiba la Kidatu, kituo kingine cha umeme wa maji, maji yakishazungusha mashine za megawati 80 hapo yanashuka kuzungusha megawati 204 kule chini, kwa hiyo ukiyachezea mapema giza linakuja mara mbili. Bwawa likijaa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, likifika 690 mashine zinatakiwa zizimwe. Mita nane na nusu tu hizo! Si watutangazie kipimo kila wiki redioni, mbona bei ya petroli tunatangaziwa?

Halafu huko Usangu, bonde la juu linaloleta maji Mtera kupitia mto Ruaha Mkuu, mifereji ya mpunga inachepusha maji hadi msimu ambao shambani hamna kitu, nani anafunga lango? Ruaha Mkuu wenyewe tangu miaka ya 90 unakatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabanana kwenye vidimbwi.

Mi fundi cherehani, pasi ya mkaa bado ninayo chini ya meza, sijaitupa.

Msomaji wako, Iringa