Barua kwa Zuhura: wabunge Walatino wa California

Sacramento, California

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na wa nyumbani. Sisi huku wazima. Umeniuliza kwa nini wabunge Walatino wa California, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wana umoja wao, ilhali wote waliomo ni wa chama cha Democratic, na chama hicho ndicho chenye wingi bungeni. Swali lako nimelipenda, maana hata hapa wapo wanaouona umoja huo kuwa ubaguzi tu.

Ulianza mwaka 1973 na wabunge watano, wakijiita Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Bunge la jimbo lina viti 120: 80 vya baraza la chini na 40 vya Seneti. Watano peke yao hawapitishi kitu, lakini wakikubaliana kabla ya kikao, anayetafuta kura hana budi kuwapitia. Kilichowaongezea nguvu ni kura ya maoni ya mwaka 1994, Pendekezo 187, iliyotaka watoto wasio na makaratasi ya uhamiaji wafukuzwe shuleni na wazazi wao wanyimwe matibabu yasiyo ya dharura. Wapiga kura waliipitisha, mahakama ikaizuia. Hofu ile iliwafanya wahamiaji wengi waliokuwa na kibali cha ukaazi waombe uraia na kujiandikisha kupiga kura. Miaka miwili baadaye Cruz Bustamante akawa Spika. Leo Spika ni Robert Rivas, aliyelelewa katika makazi ya vibarua wa mashambani huko Paicines.

Sasa nikueleze habari ya leseni, maana ndiyo iliyonifanya niwaheshimu watu hawa. Tangu 1994 asiye na makaratasi hakuweza kupata leseni ya udereva. Mama mmoja ninayefanya naye kazi aliendesha hivyo hivyo kwa miaka, kwa kuwa huku bila gari hufiki kazini. Siku aliyosimamishwa na polisi, gari lilivutwa, likazuiwa siku 30. Gharama ya kuligomboa ilizidi bei ya gari lenyewe, akaliacha huko huko.

Mbunge wa umoja huo, Gil Cedillo, aliupeleka mswada wa leseni mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2003 gavana Gray Davis aliusaini, kisha wananchi wakamwondoa madarakani, na kabla mwaka haujaisha sheria ikafutwa hata haijaanza kutumika. Cedillo akarudi nao tena na tena. Ni mwaka 2013 ndipo mswada wa mwenzake, Luis Alejo, ulipopita na gavana Jerry Brown akausaini. Leseni zilianza kutolewa Januari 2015, na kufikia 2018 zilikuwa zimepita milioni moja. Yule mama alinionyesha yake. Imeandikwa kwamba matumizi yake yana mipaka kwa serikali ya shirikisho, lakini anaitunza kama hati ya nyumba.

Ndiyo sababu nasema chama peke yake hakitoshi. Angalia mwaka 2016: mswada wa kuwalipa vibarua wa mashambani ovataimu baada ya kazi ya saa nane kwa siku ulianguka katika baraza la chini, mle mle Democratic walimokuwa wengi. Wapo waliopinga, na wapo waliokaa kimya kura zikipigwa. Mbunge Lorena Gonzalez akaurudisha kupitia mswada mwingine, wenzake Walatino wakausukuma, na mwaka ule ule ukawa sheria.

Kuna jambo moja siungi mkono. Wabunge Walatino wa chama pinzani cha Republican hawapokelewi katika umoja huo. Kibarua wa Central Valley, bonde la mashamba, anayewakilishwa na Republican naye ana shida zile zile za maji na mshahara, na mbunge wake angepaswa kuwa na kiti mezani, hata kama watabishana.

Nieleze na huko kwenu: wabunge wanawake wa vyama tofauti wakikutana, huwa wanakubaliana kabla ya kura, au kila mmoja hufuata chama chake? Nataka jibu refu. Mpe mama shikamoo yangu.

Wako,
Mwanaidi