Barua kwa mwanangu Atupele: ile sauti kwenye video sio cheni

Atupele mama, ugonile.

Video yako ya baiskeli niliiona juzi usiku, Ipyana ndo alinifungulia kwa simu yake maana bando langu lilikuwa limekata. Mara ya kwanza niliangalia nikafurahi, mara ya pili nikafumba macho nikasikiliza tu. We unasema "baba sikia cheni inavyolia". Ile sio cheni mama. Cheni ikilia inakwaruza, krr krr, kama mtu anasaga meno usingizini. Yako inafanya ting, ting, ting, tena inaanza pale tu unapoingiza sproketi kubwa kuliko zote, lile duara kubwa la meno la nyuma, na ukiongeza kuzungusha pedeli na yenyewe inakazana. Hiyo ni spoku inagonga mkono wa gia, ule unaohamisha cheni. Mi nimekaa na baiskeli tangu kabla mama yako hajanijua, hapo huwezi kunibishia hata ukiniletea video za wazungu.

Kwa hiyo kabla hujasoma mengine naomba usiingize hiyo sproketi kubwa, hata kwa kujaribu, hata pale uani kwenu. Ile skrubu ya L umeigusa au hujaigusa? Hilo ndo nimeuliza jana mara mbili ukanijibu kwa kidole gumba. Kidole gumba sio jibu.

Nikueleze vizuri maana kwenye simu unanikatisha. Kwenye mkono wa gia, huo unaouita direla, kuna skrubu mbili ndogo zimekaa pamoja, moja ina H nyingine ina L. H inazuia cheni isidondoke upande wa nje ikajibana kati ya sproketi ndogo na fremu. L inazuia isipande ikapitiliza ile kubwa ikaingia kwenye spoku. Skrubu hizi hazipangi gia, vijana wengi wanazikoroga wakidhani ndo zinapanga. Hizi ni kama boma la zizi, ng'ombe anazunguka mle ndani anavyotaka ila haruki nje. Ukisimama nyuma ya baiskeli ukachungulia, kile kiruli cha juu, kigurudumu kidogo cha mkono wa gia, kinatakiwa kikae chini ya sproketi kubwa sawasawa, kisiingie ndani zaidi hata kidogo, ukisukuma mkono wa gia kwa kidole kuelekea kwenye spoku ugome. Kama haugomi, L iko wazi.

Kwenye hii safari yenu ya baiskeli ya Kitulo watu wote wanakuambia uogope kushuka, kona za Matamba kwenda Chimala, zaidi ya 50, breki, mawe, sijui nini. Kushuka utashika breki. Mi naogopa kupanda. Pale Isyonje ukiacha barabara ya Tukuyu kuelekea Kitulo ndo utaitafuta ile sproketi kubwa, umesimama kwenye pedeli na uzito wako wote, cheni ikiruka ikaangukia kwenye spoku au mkono wa gia ukanaswa, gurudumu linajifunga hapo hapo, spoku zinakatika, mkono wa gia unang'oka wote, na we uko katikati ya barabara nyuma yako kuna Fuso la viazi. Alafu huko juu ni mita 2,600, mwezi huu asubuhi majani yote meupe kwa sakitu na sehemu nyingine mtandao hakuna kabisa. Mi nilikuwa napanda huko kufuata viazi kabla hata hapajafanywa hifadhi mwaka 2005, na Phoenix isiyo na gia hata moja, nilikuwa nasukuma. Sikuona aibu kusukuma.

Ila nikusifu kidogo, maana mama yako anasema nakugombeza tu. Kukata cheni umekata vizuri. Ulivyoizungusha sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kupitisha kwenye mkono wa gia, ukaongeza inchi moja ndo ukakata, hivo ndo inavyotakiwa, kuna fundi hapa Uyole ana miaka kumi kazini anapima kwa macho. Na kununua cheni pamoja na sproketi zote nane za nyuma kwa mkupuo hukukosea, ingawa nilipiga kelele kuhusu hela. Cheni ya zamani niliipima mwenyewe ulipoiacha hapa. Cheni mpya ukiweka rula kwenye pini na kuhesabu pini 24 mbele inakupa inchi 12 kamili, ile yako ilikuwa imezidi sehemu moja ya nane ya inchi. Ikifika hapo imeshakula na meno, ungeweka cheni mpya juu ya sproketi za zamani ingekuwa inakuruka kila ukikanyaga kwa nguvu. Kwa hiyo hela haikupotea. Nilisema imepotea, haikupotea.

Mama yako ile picha yako mikono imejaa grisi ameionyesha jumuiya nzima. Mi sijamwonyesha mtu. Nimeiweka tu kwenye simu.

Sasa kwenye kupanga gia. Umeniambia umerudia mara kumi na moja na bado, ukizinyoosha zile ndogo kubwa zinagoma, ukinyoosha kubwa ndogo zinaruka. Niambie kama umefanya hivi: umeshusha mpaka sproketi ndogo kabisa, umefungua nati inayobana waya wa gia, umekiingiza chote ndani kile kifundo cha kuzungusha pale waya unapoingilia, ukakirudisha nje mzunguko mmoja, alafu umevuta waya kwa mkono ndo ukakaza. Usivute kwa koleo. Kisha unabonyeza gia moja tu. Cheni ikisita kupanda ya pili, unazungusha kifundo kinyume na saa, robo mzunguko, sio nusu, robo. Ikipitiliza unazungusha kufuata saa. Na waya mpya unalegea wenyewe siku za mwanzo, hata ukiupanga leo kesho kutwa utaurudia, hilo lisikutishe.

Kama umefanya hivo vyote mara kumi na moja, basi tatizo haliko kwenye mikono yako. Naamini umefanya. Hapo ndo usingizi unaponikatikia, maana gia ambayo haipangiki mara kumi na moja na inagonga spoku kwa wakati mmoja, mi najua ni nini.

Huku tumeshavuna, gunia kumi na moja, sio mbaya kwa shamba lile, ila panya wameanza mapema mwaka huu. Goti la mama yako limetulia tangu baridi izidi, sijui kwanini, la wenzake ndo linauma baridi ikija. Maparachichi ya nyuma ya nyumba mnunuzi amekuja mara moja akachagua makubwa tu akaondoka, yaliyobaki tunakula sisi na nguruwe wa jirani. Ipyana anaendesha bodaboda ya mtu, anarudi saa nne usiku, nimeongea nimechoka. Yeye ndo nilimkalisha nikamfundisha kazi, miaka miwili, hakutaka. We ulikuwa unakaa pembeni na daftari lako. Ile habari ya spana namba 14 siirudii, unaijua.

Mama yako amepita hapa nyuma yangu amesoma kidogo, anasema nikwambie habari ya stendi, nisipokwambia atakwambia yeye.

Siku unaondoka, pale Nanenane, si ulikwenda kununua maji na mimi nikabaki napakia baiskeli kwenye buti la basi, na uliporudi ukaniuliza kama imegonga popote nikasema haijagonga. Ilidondoka. Konda alikuwa ananiharakisha, lakini yeye hakuishika, mimi ndo nilikuwa nimeishika. Ilidondoka kwa upande wa kulia, upande wa gia. Nikauvuta mkono wa gia kwa mkono ukarudi, nikaufuta vumbi kwa kitambaa, kwa macho ilionekana iko sawa. Basi likawa linaondoka.

Kwa hiyo kile kipande cha alumini kinachoushikilia mkono wa gia kwenye fremu, wenyewe wanakiita hanga, kimepinda kuelekea ndani. Ndo maana kwenye sproketi ndogo hauoni kitu, na kadri unavyopanda kwenda kubwa mkono unasogelea spoku, mpaka ting ting. Chungulia kutoka nyuma, vile viruli viwili vikiwa vimening'inia wima sambamba na sproketi, nimekosea mimi na nitakuomba radhi. Ila vitakuwa vimelala, cha chini kimeelekea kwenye spoku. We ungezungusha kile kifundo mpaka Krismasi.

Usikivute mwenyewe. Alumini unainyoosha mara moja inakubali, ukiirudia rudia inapata ufa alafu inakatikia njiani. Na usimpe fundi wa hapo Iringa anayekuja na nyundo. Kunyoosha kwake kunahitaji kupima: unafungua mkono wa gia, pale kwenye tundu lake unafunga ekseli ya gurudumu lingine la nyuma, ile yenye uzi wa milimita 10, inaingia mle mle, alafu unatazama rimu mbili zimekaa sambamba au hazijakaa, juu, chini, mbele, nyuma. Unavuta taratibu kwa kutumia lile gurudumu mpaka nafasi ilingane pande zote. Hapo ndo unarudi kwenye L, kisha kifundo, na gia zinajipanga kama hazikuwahi kugoma. Gurudumu la kufanyia hivo ninalo, lipo limening'inia pale karakana.

Sasa hivi kaza L kidogo kidogo mpaka cheni isifike kabisa kwenye ile kubwa. Utabaki na gia saba nyuma, zinakutosha kwa mjini. Nijibu kwa maneno kwamba umekaza, sio kidole.

Na hili la kusema kuwa mtapita moja kwa moja na gari mpaka Isyonje. Kutoka Iringa kwa njia hiyo lazima mpite Uyole, mnapita mita mia tatu kutoka kwa mama yako mzazi na baiskeli juu ya gari, hata salamu? Umesema ratiba ni ya kikundi. Sawa, kikundi. Mi siingilii kikundi. Ila kikundi hakitakusukumia baiskeli Kitulo.

Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi nitakuwa pale njia panda ya Tukuyu, upande wa kushoto, na lile gurudumu, bisibisi na allen zote. Mwambie mwenye gari nahitaji nusu saa, wenzako wakanywe chai, nitalipia. Kama bado mnaona haiwezekani basi mniachie baiskeli hapo na we panda na yangu, haina gia lakini haina shida.

Njoo na lile sufuria kubwa la mama yako ulilochukua Pasaka, anasema la kwake, na wakija wageni wa mavuno hana pa kupikia. Na chaja ya Ipyana.

Nijibu hiyo ya L.

Baba