Istanbul kwa nauli ya kivuko

Ipagala, Dodoma
18 Oktoba 2025

Zaituni, shoga yangu,

Asalaam aleikum. Mfikishie bibi shikamoo yangu, na uwabusu watoto wote hapo Kondoa. Huku sisi wazima, tunasubiri mvua na kumeza vumbi.

Umeuliza kama ukimaliza kununua mzigo Laleli, ule mtaa wa maduka, utafute mtu mwenye gari akutembeze Istanbul kwa zile siku mbili zitakazobaki. Usitafute. Foleni ya mji ule itakula siku nzima, na utakachoona ni migongo ya magari mengine. Istanbul ya kale ilijengwa ikitazama maji. Makasri, ngome na nyumba za wakubwa zimeelekeza uso baharini, barabarani zimeacha ukuta. Anayetaka kuuona mji huo apande vivuko vya umma, hivyohivyo wanavyopanda watu wa kawaida kwenda kazini. Nauli haipishani sana na ya basi.

Kwanza kadi. Inaitwa Istanbulkart, nayo inafanya kazi kwenye tramu, metro, mabasi na vivuko. Utaipata kwenye mashine zilizo kando ya vituo vya tramu, na mashine hizo unaweza kuzigeuza lugha. Ingia na noti ndogo, kwa sababu mashine hairudishi chenji: ukiingiza noti kubwa, yote inaingia kwenye kadi. Ukiwa na Mama Salma, kadi moja inawatosha wote wawili. Gusisha, mwenzio apite, gusisha tena, upite wewe. Sikutajii bei kwa lira kwa sababu zinapanda mara kwa mara, ila weka salio la safari saba au nane ili usirudi kwenye mashine kila saa. Saa ya mkononi usiiguse, saa zao na zetu ni sawa.

Kutoka Laleli panda tramu ya T1 inayoelekea Kabataş, ushuke kituo cha sita, Eminönü. Hapo ndipo wageni wengi wanapopotezwa. Ukishuka tu utapokelewa na wapiga debe wanaoita "Bosphorus! Bosphorus!", jina la mlangobahari unaoukata mji, na kukuonyesha boti za watalii. Si wezi, lakini watakutoza zaidi kwa mzunguko mfupi, na kipaza sauti kitakupigia kelele masikioni njia nzima. Wapite. Tafuta majengo ya gati yenye jina la Şehir Hatları, shirika la vivuko la mji. Mzizi wake ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1851, enzi za masultani. Vivuko vyenyewe utavitambua kwa bomba la moshi la njano lenye nanga mbili zilizopishana. Kila njia ina gati lake, na jina la mwisho wa safari limeandikwa juu ya mlango: KADIKÖY, ÜSKÜDAR, na kadhalika. Usifuate umati, soma mlango. Ukigusisha kadi kwenye gati lisilo lako, nauli imekwenda.

Ndani kuna ukumbi wa kusubiri na ubao wa saa. Kivuko kikifunga kamba, wanaoshuka hutoka kwanza, kisha milango hufunguliwa na watu huenda mbio kidogo kuwahi viti vya nje. Wenyeji utawaona wakiruka kabla ubao wa kushukia haujawekwa. Usiwaige. Kati ya gati na chombo panaachia nafasi ya kutosha mguu kuingia, na chombo kikirudi kinagonga gati kwa uzito wote.

Safari ya kwanza iwe Eminönü kwenda Kadıköy, upande wa Asia, kama dakika 20 hivi. Sijui safari nyingine ya nauli ndogo hivyo inayoonyesha mambo mengi hivyo. Wakati wa kwenda kaa kulia, nje. Mara mnapoondoka, rasi ya mji wa kale inazunguka mbele ya macho yako: kasri la Topkapı juu ya miti, nyuma yake kuba la Ayasofya, jengo lililokamilika mwaka 537, halafu minara sita ya Msikiti wa Sultan Ahmed. Mkishaipita rasi, hamia kushoto. Utaona Mnara wa Binti, Kız Kulesi, umesimama peke yake majini karibu na Üsküdar. Kisha jengo kubwa la pembe nne lenye mnara kila kona: ndiyo kambi ya Selimiye, alikouguzia askari Florence Nightingale wakati wa vita vya Crimea.

Jicho lako liweke kwenye jengo linalofuata, lile linalosimama ukingoni kabisa mwa maji kama limeota humo. Ni stesheni ya Haydarpaşa, iliyoanza kazi mwaka 1908, juu ya nguzo 1,100 za mbao zilizokitwa chini ya maji. Waliojenga ni kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyojenga Reli yetu ya Kati miaka ileile, ikapita hapa Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914. Treni ziliacha kuingia Haydarpaşa mwaka 2013. Na SGR utakayopanda kwenda Dar kuwahi ndege, kuanzia Dar hadi Makutupora imejengwa na Yapı Merkezi, kampuni ya hukohuko Istanbul. Watu wa Dodoma wakisema Uturuki ni mbali, mimi hucheka.

Kadıköy ni mji wa kula na kutembea. Ndiyo Kalkedoni ya zamani, ulikofanyika ule mtaguso, mkutano mkuu wa kanisa, wa mwaka 451 wanaousoma makatekista wetu, ingawa hutaona dalili yake. Ingia soko la samaki na zeituni nyuma ya gati, kula, usikae sana. Rudi jioni ukikaa upande wa kushoto. Mwezi wa Novemba jua linazama kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo kivuko cha saa kumi na moja hivi ndicho. Jua litakuwa linashukia nyuma ya minara. Chukua chai ya rangi kwenye kantini, ile ya glasi ndogo (maziwa hawaweki, usiombe), na mkate wa duara wenye ufuta uitwao simit. Shakwe watakuja kuudai. Ukiwarushia kipande, rusha mbali na kichwa chako.

Üsküdar ni dakika kama 15 tu kutoka Eminönü, na inafaa kama una saa mbili za bure. Msikiti ulio mbele ya gati ni wa Mihrimah Sultan, kazi ya fundi Sinan, 1548. Ukitembea ufukweni kuelekea Salacak unafika mkabala na Mnara wa Binti. Basi.

Siku ya pili mimi ningeitoa kwa Haliç, Pembe ya Dhahabu, ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya mji. Kivuko chake kinaanzia Üsküdar, kinapita Karaköy ng'ambo ya daraja la Galata, kisha kinaruka gati hadi gati mpaka Eyüp. Kinapita takribani mara moja kwa saa. Ukikikosa kwa dakika mbili umekaa saa nzima, kwa hiyo piga picha ratiba iliyobandikwa gatini. Kaa kushoto. Utauona msikiti wa Süleymaniye juu ya kilima, halafu Fener, makao ya Patriaki wa Waorthodoksi. Kati ya Fener na Balat, ukingoni, lipo kanisa la Wabulgaria la Mtakatifu Stefano, la mwaka 1898. Kuta zake ni za chuma, zilisubiwa Vienna vipande vipande, zikaletwa kwa maji na kufungwa hapo kwa bolti. Ukishuka Fener unaweza kutembea kwa miguu mpaka Balat na kupanda kivuko kinachofuata, lakini vaa viatu vya kushika, vichochoro ni vya mawe na mteremko.

Eyüp ni mwisho wa njia, nawe hutasamehewa nyumbani usipofika. Ndipo alipozikwa Abu Ayub al-Ansari, sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake alipohamia Madina. Chukua mtandio na soksi safi. Ijumaa pamefurika, afadhali siku nyingine asubuhi. Utaweza kukuta wavulana wa jando wameletwa kufanyiwa dua, wamevaa majoho meupe na kofia za kifalme. Bibi atapenda kusikia hilo, maana jando la kwetu halikuwa na mapambo hayo. Nyuma ya makaburi kuna kibanda kinachoning'inia kwenye kamba na kupanda kilimani, unalipa kwa kadi ileile. Foleni ikiwa ndefu, panda kwa miguu kupitia makaburini.

Kuna safari moja ndefu, ya kupanda Bosphorus yote hadi Anadolu Kavağı karibu na Bahari Nyeusi. Hii ina tiketi yake ya bei ya juu, na huondoka Eminönü karibu saa nne na nusu asubuhi. Thibitisha saa gatini siku moja kabla. Kwenda ni saa moja na nusu au zaidi, kisha chombo husubiri huko saa kadhaa, hivyo siku imekwisha. Faida yake ni ngome ya Rumeli Hisarı upande wa kushoto, ambayo Sultan Mehmed wa Pili aliijenga mwaka 1452 kwa muda wa miezi minne hivi, mahali ambapo mlangobahari ni mwembamba kuliko kote, kama mita 700. Mwaka uliofuata akauteka mji. Hapo utahisi chombo kinavutwa. Maji ya juu hukimbia kutoka Bahari Nyeusi kwenda Bahari ya Marmara, na chini yake mkondo mwingine wa maji ya chumvi nzito unarudi kinyume. Mawingu yakiwa mazito, iache. Haliç inapendeza hata kwenye manyunyu, safari ndefu haipendezi.

Kinachoharibu mipango Novemba ni upepo wa kusini-magharibi, wenyewe wanauita lodos. Ukikaza, vivuko vinasitishwa, na njia ya Kadıköy huumia mapema kwa kuwa inakatiza mahali palipo wazi. Matangazo huwekwa gatini, lakini ukiona maji yanaruka juu ya ukingo asubuhi, usisubiri tangazo. Nenda Sirkeci, kituo kimoja cha tramu kabla ya Eminönü, upande Marmaray, treni ipitayo chini ya bahari tangu 2013. Inakufikisha Üsküdar kwa dakika chache. Ukitaka Kadıköy, endelea mpaka Ayrılık Çeşmesi, uunganishe metro ya M4 kituo kimoja. Usilale ng'ambo kwa kukosa chombo.

Baridi yake si ya Dodoma ya Julai. Juu ya kivuko upepo unapenya kanga na sweta, chukua koti la kuzuia upepo. Pochi iwe mbele, hasa kwenye T1. Na mabegi ya mzigo yakabidhi kwa wakala hukohuko Laleli kabla hujatoka. Kuna watu hupanda kivuko na marobota mawili, wakimaliza siku wameona marobota tu.

Kadi ikibaki na salio usiitupe. Niletee, dada yangu mdogo anakwenda huko mwezi wa tatu.

Wako,
Esta